Heri Mwenye Kujua Baiti Zake

Wapo watu wanaowasha kompyuta ili wafanye kazi. Siwabezi, kila mtu na malezi yake. Huandika barua yao, hucheza mchezo wao, huzima, hulala, na kesho yake ukiwauliza ni baiti ngapi zilizokuwa wazi wakati ule, hukutolea macho tu. Hao makala haya hayatawafaa sana. Nawaandikia wale wengine, ambao tu wengi kuliko tunavyokiri: sisi ambao tukishawasha mashine, jambo la kwanza ni kufungua programu ya ukaguzi, ile inayoonyesha prosesa inashughulika kwa kiasi gani, kumbukumbu imetumika kiasi gani na kazi zipi zimo ndani zikingoja zamu, na jambo la pili ni kuendelea kuitazama.

Kompyuta za zamani zinazoweza kukaguliwa ni nyingi, lakini sidhani kama kuna iliyostahili heshima hiyo kuliko Commodore Amiga 500. Ilitoka mwaka 1987. Kibodi na mashine vimo katika ganda moja la rangi ya krimu, mlango wa diski uko ubavuni kulia, na swichi ya umeme haipo kwenye mashine bali kwenye transfoma nzito inayolala sakafuni, hivi kwamba anayetaka kuizima sharti ainame. Prosesa yake ni Motorola 68000 inayokwenda kwa megahezi 7 na ushee, kumbukumbu yake ni kilobaiti 512, na diski yake hubeba kilobaiti 880. Najua msomaji mwenye simu ya gigabaiti kadhaa mfukoni atatabasamu. Atabasamu tu. Tajiri hahesabu, na asiyehesabu hajui alichonacho. Mwenye kilobaiti 512 anazifahamu moja moja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kumbukumbu ya Amiga 500 ni mali inayoweza kuisha ndani ya dakika moja, hasa ukishalifungua daftari lenyewe.

Amiga ya kwanza ilizinduliwa New York, katika Lincoln Center, Julai 1985. Wakati huo mwenye PC na DOS alifungua programu moja, akaimaliza, akaifunga, ndipo akafungua nyingine. Amiga ilikuja na kiini cha mfumo kiitwacho Exec, kilichobuniwa na Carl Sassenrath, ambacho huigawa prosesa kwa kazi nyingi kwa zamu, na kazi yenye kipaumbele cha juu huipokonya ya chini bila kuomba radhi. Kwa miaka mingi watu wamedhani lengo lilikuwa mtu aweze kuchora picha huku barua yake ikichapwa. Mimi nasema hapana. Bingwa wa kiwango kile hawezi kuwa alikesha kwa ajili ya barua. Lengo lilikuwa kwamba mashine, ikiwa haifanyi kazi yoyote, iweze wakati huohuo kuonyesha kuwa haifanyi kazi yoyote.

Kwenye uzinduzi uleule Andy Warhol aliketi mbele ya hadhira akaipaka rangi picha ya mwimbaji Debbie Harry kwa kutumia Amiga. Watu wakapiga makofi. Nimeitazama kanda hiyo zaidi ya mara moja, na kinachonisononesha ni kilekile: hakuna hata mmoja, si mchoraji, si mwimbaji, si mabwana wa kampuni waliopendeza kwa mavazi yao, aliyeuliza picha ile inakula baiti ngapi. Sanaa imebaki, taarifa imepotea.

Kwa bahati njema walikuja watu wenye uchungu na jambo hili. Werner Günther akaandika Xoper, mkaguzi anayeorodhesha karibu kila kilichomo ndani ya mfumo. Nic Wilson akaandika SysInfo, inayopima kasi ya mashine yako na kuilinganisha na ya Amiga kubwa, A3000 na A4000 zikiwemo. Programu za namna hii zilisambaa bure, diski kwa diski; Mmarekani Fred Fish peke yake alikusanya na kueneza diski zaidi ya 1,000 za programu za hisani hadi mwaka 1994. SysInfo huniambia kila asubuhi kwamba Amiga 500 yangu bado inakwenda kwa mwendo wa Amiga 500. Wapo watakaosema ningeweza kulijua hilo bila kupima. Ningelidhani, kujua ni kitu kingine.

Tuanze na ukaguzi wa msingi, ambao haumtaki mtu awe na chochote zaidi ya diski ya Workbench 1.3 iliyokuja na mashine. Tuseme una drivu moja tu, kama wengi wetu. Umewasha kwa Workbench, umeitoa, umeingiza diski ya programu ya kuandikia, umeifungua, na ghafla moyo unakwambia uangalie hali ya kumbukumbu. Unakwenda kwenye dirisha la amri na kuandika Avail. Amri hiyo haimo ndani ya mashine. Imo kwenye diski uliyoitoa. Kijidirisha kinatokea kikiomba kwa adabu uingize Workbench kwenye drivu yoyote, kana kwamba unazo mbili. Unatoa hii, unaingiza ile. Drivu inakoroma, inasita, inakoroma tena. Kisha zinakuja: mistari mitatu, ya Chip, ya Fast na ya jumla, na kila mstari una tarakimu za safu nne, yaani iliyo wazi, inayotumika, kikomo, na kipande kikubwa kuliko vyote. Unavuta pumzi. Mara programu ya kuandikia inakumbuka kitu chake na kuiomba diski yake. Unairudisha. Kufikia hapo takwimu ulizozisoma zimeshapitwa na wakati, kwa hiyo unaandika Avail tena.

Nitaomba kusimama kidogo kwenye mstari wa Fast. Kumbukumbu ya Chip ni ile ambayo prosesa hugawana na chipu za picha na sauti; ya Fast ni ya prosesa peke yake, na Amiga 500 haikutoka nayo kiwandani. Kwa sababu hiyo mstari huo husema sifuri, sifuri, sifuri na sifuri. Nimeshaona watu wakiuruka. Mimi huusoma kwanza. Tarakimu nyingine zinapanda na kushuka, zinampa mtu presha. Sifuri hizi nne, asubuhi na jioni, hazijawahi kuniangusha.

Safu ya mwisho, ya kipande kikubwa, nayo ina hekima yake. Kumbukumbu hukatikakatika kadiri programu zinavyofunguliwa na kufungwa. Unaweza kuwa na kilobaiti 200 wazi na bado ukakosa pa kuweka picha ya kilobaiti 100, kwa kuwa hizo 200 zimetawanyika vipande vipande kati ya za watu wengine. Mkaguzi hulionyesha tatizo hili kwa uwazi wa kupendeza. Kulitatua hawezi, wala hajaribu, na hapo ndipo ninapomvulia kofia: kila mmoja na idara yake.

Hata hivyo Avail hupita na kwenda zake. Mkaguzi kamili hukaa. Anafungua dirisha, anaweka orodha ya kazi zote, na mbele ya kila jina anaandika kipaumbele na hali. Vipaumbele huanzia hasi 128 hadi 127. Yule apokeaye kibodi na kipanya, input.device, yuko kwenye 20, juu ya programu za kawaida, ndiyo maana kishale cha kipanya huendelea kutembea kwa raha hata mashine inapokuwa imeelemewa na haiwezi kumtumikia mtu yeyote. Hali ni tatu: kazi inaendeshwa, au iko tayari na inangoja zamu, au imelala hadi iitwe. Prosesa ni moja, kwa hiyo inayoendeshwa ni moja tu kwa wakati wowote. Na kwa kuwa orodha husomwa na mkaguzi, na mkaguzi hawezi kuisoma bila yeye mwenyewe kuwa ndiye anayeendeshwa, kila taarifa bila kukosa husema neno lilelile: wengine wote wamelala au wanangoja, aliye kazini ni mkaguzi peke yake.

Wakosoaji huliita hilo kasoro. Mimi nimesoma taarifa za ukaguzi za taasisi nyingi katika maisha yangu, na sijaona iliyolisema jambo hili kwa unyofu namna hiyo.

Orodha zenyewe hazisomwi ovyo. Kazi huingia na kutoka kila mara, na mkaguzi akiifuata orodha huku inabadilika, anaweza kuishika anwani ambayo haina tena mwenyewe, na mashine ikaanguka naye. Kwa hiyo Exec imeweka agizo liitwalo Forbid, ambalo likitamkwa hakuna kazi nyingine inayopewa zamu mpaka itamkwe Permit; na lipo kali zaidi, Disable, ambalo huvinyamazisha hata vifaa vinavyobisha hodi kwa prosesa. Mkaguzi mwadilifu hutamka kwanza. Mashine nzima inasimama, yeye anahesabu, akimaliza anaipa ruhusa iendelee. Yaani ili ajue mashine inakwendaje, anaisimamisha. Marehemu mama yangu alitukataza kabisa kufunua sufuria ya wali kabla haujaiva. Nampa heshima zake zote, wali wake ulikuwa mzuri, lakini hakuwahi kujua hata siku moja umefika asilimia ngapi.

Na mapumziko ya prosesa hupimwaje? Hapa kuna ubunifu ambao kila nikiufikiria nakosa maneno. Njia iliyozoeleka ni kuanzisha kazi ndogo yenye kipaumbele cha chini kabisa, isiyo na jukumu lolote duniani isipokuwa kuhesabu. Kila prosesa inapokosa la kufanya, kazi hiyo hupata zamu na kuhesabu. Ikifika mbali, maana yake prosesa ilikuwa na nafasi. Ikifika karibu, ilikuwa na shughuli. Zamani, mambo yalipokuwa holela, Exec ikikosa kazi yoyote iliiambia prosesa isimame tu ingoje. Siku hizi, mkaguzi akiwepo, haisimami hata nukta moja; inahesabu usiku na mchana. Kipimo cha mapumziko hupatikana kwa kuyaondoa mapumziko.

Grafu nayo ina tabia zake. Ukiiweka ichorwe kila sekunde, mstari hutulia chini. Ukiiharakisha ichorwe mara kumi kwa sekunde, mzigo wa prosesa hupanda mara moja, dalili tosha kwamba kuna jambo linaendelea humo ndani linalostahili kufuatiliwa kwa karibu zaidi. Upande wa kumbukumbu mambo ni hayohayo. Mkaguzi akipenda kujifungulia skrini yake mwenyewe ya nukta 640 kwa 256 na rangi nne, skrini hiyo peke yake hula baiti 40,960, karibu asilimia 8 ya vyote ulivyo navyo, kabla hujaihesabu programu yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu aliyefungua mkaguzi ili ajue ni nani anayemla kumbukumbu yake hupata jibu papo hapo, na jibu liko mbele ya macho yake, limeandikwa kwa herufi za kusomeka.

Karibuni mpwa wangu alikuja kututembelea. Alikuwa amesikia kwamba nina kompyuta ya zamani. Nikamvutia kiti, nikawasha, nikabadilisha diski kama inavyopasa, na mkaguzi akafunguka.

"Mjomba, mchezo uko wapi?"

"Tulia. Kwanza tunaangalia hali."

Akatulia. Mstari ukatambaa chini kabisa ya dirisha, bapa, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kwani inafanya nini?"

"Inafuatiliwa."

Akanyoosha mkono, akakisukuma kipanya. Mstari ukaruka kidogo, ukarudi. Macho yakamng'aa. "Mjomba, imeruka!" Nikamwambia aondoe mkono, asije akaharibu vipimo. Nilijisikia vizuri, kwa maana nilikuwa namrithisha kitu. Baadaye mke wangu akachungulia mlangoni.

"Baba watoto, chai inapoa, na mtoto wa watu umemweka hapo tangu saa nane."

"Nakuja, mama. Kumbukumbu imeshuka, ngoja ipande kidogo."

"Imeshuka imekwenda wapi?"

Ndilo swali lenyewe. Nikafungua dirisha la pili ili nilichunguze, na kumbukumbu ikashuka zaidi. Mtoto aliondoka jioni akiwa mkimya kabisa, utulivu ambao wazazi wake wamekuwa wakimtafutia kwa muda mrefu.

Kuhusu michezo niseme wazi msimamo wangu. Michezo mingi ya Amiga huanza moja kwa moja kutoka kwenye diski yake. Huusukuma kando mfumo wa uendeshaji, huishika mashine yote mikononi, na kuziamrisha chipu zake tatu mashuhuri, Agnus, Denise na Paula, bila kupitia kwa mtu yeyote. Hapo ndipo rangi humiminika, mandhari huteleza bila kukwama, na muziki wa njia nne hutoka kwenye spika za televisheni ya sebuleni. Na hapo hapo ndipo mkaguzi anapokosa hata mahali pa kusimama. Shughuli zote kubwa za mashine hufanyika yeye akiwa nje. Na muda wote akiwa ndani, mashine haina shughuli kubwa. Kwangu hii ni hoja nzito dhidi ya michezo. Uzuri usio na takwimu ni uvumi.

Usidhani basi kwamba mkaguzi ni mtazamaji tu. Anayo meno. Ndani ya Xoper unaweza kuichagua kazi usiyoipenda na kuiondoa. Amiga 500 haina ukuta wowote kati ya kumbukumbu ya programu moja na ya nyingine, wala mfumo hauandiki mahali popote nani alichukua nini. Kwa hiyo kazi ikiondolewa kwa mkono, baiti ilizokuwa imezishika hazirudi kwa mtu, faili ilizofungua hubaki wazi, na dirisha lake linaweza kuendelea kuning'inia kwenye kioo lisiitikie wito. Mkaguzi ataonyesha kwamba mhusika hayupo tena. Ataonyesha pia kwamba kumbukumbu haikuongezeka. Taarifa zote mbili ni sahihi.

Ikitokea kazi uliyoiondoa ilikuwa na umuhimu, utapata taarifa ya juu kuliko zote. Taa ya umeme huanza kuwaka na kuzimika, kioo huwa cheusi, na juu yake fremu nyekundu inayomemeteka yenye maneno Guru Meditation na tarakimu zake. Jina hilo, kwa jinsi inavyosimuliwa, lilitoka kwa wahandisi wenyewe wa Amiga: kampuni yao iliwahi kuuza Joyboard, ubao wa kuchezea Atari 2600 unaoendeshwa kwa uzito wa mwili, na mfumo ulipowaangukia walikuwa wakiketi juu ya ubao huo wakijizuia wasitikisike hata kidogo. Watu hao walielewa ukaguzi. Tarakimu nazo si za kupuuzwa. Ukiona 80000003, ujue prosesa ilitumwa kwenye anwani ya witiri mahali ilipotakiwa ya shufwa. Ukiona 80000004, ilipewa amri isiyoitambua. Mimi huziandika daftarini. Ndani ya fremu hiyohiyo unaombwa ubonyeze kitufe cha kushoto cha kipanya ili uendelee; unabonyeza, kila ulichokuwa unakifanya kinafutika, mashine inaanza upya, na kumbukumbu inarudi karibu yote. Hakuna mbinu nyingine niijuayo inayorudisha baiti nyingi kiasi hicho kwa mbonyezo mmoja.

Lipo pia suala la usalama. Mwaka 1987 Amiga zilipata kirusi kilichojulikana kwa herufi SCA. Kilikaa kwenye sehemu ya kuwashia ya diski, kikajipenyeza kwenye kumbukumbu, kikavumilia hata mashine ilipoanzishwa upya, na kikajinakili kwenye diski nyingine. Mkaguzi mzuri huonyesha anwani zile ambazo kirusi cha namna hiyo hujishikiza. Mimi hukagua kila nikiwasha. Ni kweli diski zangu sizikopeshi, hazitoki nyumbani, na sijapokea mpya siku nyingi. Usalama ni usalama.

Rafiki zangu huniuliza, kwa nia njema, nimeandika nini kwa kutumia mashine hii. Nina riwaya. Sijaianza, lakini naifahamu kwa undani: sura moja ya maneno elfu tatu itakuwa na kilobaiti 20 hivi, sura 20 ni kilobaiti 400, itakaa kwenye diski moja na nafasi ya kutosha itabaki kwa marekebisho. Ni waandishi wangapi wanaoyajua hayo kabla ya kuanza? Wengi hukurupuka na sentensi ya kwanza. Mimi sitaandika sentensi ya kwanza mpaka nihakikishe kwamba mkaguzi na programu ya kuandikia vinaweza kukaa pamoja ndani ya kilobaiti 512, na kwa sasa vikifunguliwa vyote viwili, nafasi inayobaki inatosha kichwa cha habari.

Kampuni ya Commodore yenyewe ilifilisika Aprili 1994. Kwa wengine ilikuwa huzuni. Kwetu sisi wa ukaguzi mambo yalitulia, maana mashine isiyotarajia kuboreshwa na mtu ndiyo hutoa vipimo vya kuaminika.

Sasa wewe msomaji, usijifanye hili halikuhusu. Muda mfupi uliopita ulitoa simu, ukatazama betri, ukakuta 62, ukairudisha mfukoni. Ukaitoa tena: 61. Ukafungua mipangilio ili ujue ni nani aliyeila hiyo moja, ukashuka na orodha, na ukaelezwa kwamba mlaji mkuu ni kioo ulichokuwa unakitazama. Salio la bando nalo unaliangalia kwa bando lenyewe. Ofisini una lile dirisha la Windows lenye mistari ya kijani na bluu, na foleni mbele ya meza yako inadhani unashughulikia jambo lao. Sikulaumu hata kidogo. Nakusikitikia tu kwamba unalifanya kwa kujificha, kwenye mashine yenye nafasi tele, mahali ambapo mkaguzi hata akila hawezi kuhisika. Raha ya jambo hili ni mashine ndogo, ambako ukikagua, mashine nzima inajua.

Kwa hiyo natoa ombi kwa kila mwenye Amiga 500 kabatini au kwenye stoo ya shemeji yake. Aitoe, aipanguse vumbi, aikague transfoma kabla ya kuichomeka kwenye umeme, maana ya miaka hiyo haiaminiki. Aiwashe kwa Workbench, aingize diski ya mkaguzi, na asifungue kitu kingine chochote. Akiona mzigo wa prosesa umefika asilimia 100, asibabaike wala asiinamie swichi. Afungue na SysInfo pia, ili moja iithibitishe nyingine.